Kuskani cheti cha uasili hakutoshi

Ukishika cheti cha EUR.1, yaani cheti cha uasili kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani ili ipate nafuu ya ushuru, utaona michirizi ya kijani iliyosukwa nyuma ya maandishi. Iliwekwa ili mtu akifuta neno au kuchubua wino, michirizi ivurugike na ofisa wa forodha aone. Sasa chukua cheti hicho, kiskani, kitume kwa barua pepe kama PDF. Ulinzi wote ule umeisha, na hakuna kilichochukua nafasi yake. Ndiyo maana nasisitiza kwa kila ninayemhudumia: kuskani ni kupiga picha ya karatasi tu.

Ofisa wa forodha anahitaji njia ya kuuliza chanzo. Nchi za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, zilianza mwaka 2018 kutumiana Fomu D, cheti chao cha uasili, kwa mfumo wa kielektroniki: data inatoka kwa mamlaka iliyotoa cheti hadi forodha ya nchi mzigo unakokwenda, bila kupitia mkononi mwa muuzaji. Umoja wa Ulaya ulichukua njia nyingine. Tangu 2017, kwenye GSP, mpango wake wa nafuu ya ushuru kwa nchi zinazoendelea, ulianza kutumia REX, mfumo wa wauzaji nje waliosajiliwa: muuzaji anasajiliwa, anapata namba, kisha anaandika mwenyewe tamko la uasili kwenye ankara. Forodha inaihakiki namba hiyo kwenye kanzidata. Kwa bidhaa zenye uasili zisizozidi thamani ya euro 6,000 kwa mzigo, hata asiyesajiliwa anaruhusiwa kutoa tamko.

Lakini cheti ni dai tu. Ushahidi uko nyuma yake: orodha ya malighafi na namba zake za HS (namba za kimataifa za kuainisha bidhaa), bei, hatua za utengenezaji, matamko ya waliokuuzia malighafi. Niliwahi kukaa na mhasibu wa kiwanda siku barua ya forodha ya kutaka uhakiki wa cheti ilipofika, mzigo ukiwa umeshauzwa zamani. Cheti tulikipata mara moja. Tamko la muuzaji wa malighafi lilikuwa kwenye barua pepe ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, na akaunti yake ilikuwa imefutwa. Bidhaa ilistahili nafuu ya ushuru, mimi sina shaka, ila hatukuweza kuthibitisha. Mwagizaji akadaiwa tofauti yote ya ushuru. Iliniuma sana. Tangu hapo naanzia kwenye malighafi, cheti nakiacha mwisho.

Jambo jingine linalowakwamisha wengi ni toleo la HS. Simu janja kabla ya 2022 ziliingia kwenye 8517.12, toleo la 2022 likazipa namba yake, 8517.13. Mikataba mingi bado ina kanuni za uasili zilizoandikwa kwa toleo la zamani, huku tamko la forodha likijazwa kwa toleo jipya. Ofisa mwenye karatasi mbili mezani huweza kuelewa. Mfumo unaolinganisha tarakimu unakataa tu. Kwa hiyo kwenye kila rekodi ya bidhaa weka sehemu mbili: namba ya sasa, na namba ya toleo linalotumiwa na mkataba husika, pamoja na mwaka wa toleo.

Na kabla hujatupa muhuri na wino, muulize mwagizaji wako kama forodha ya kwake inapokea cheti cha kielektroniki chini ya mkataba huo huo. Nchi moja inaweza kukikubali kwenye mkataba mmoja, na kwenye mwingine ikadai karatasi halisi.