Matamasha ya filamu kwenye Milima ya Rocky: yanayosemwa na yaliyo kweli

Taja tamasha la filamu milimani, na wengi wataona picha ileile: mastaa wamejikunyata ndani ya makoti mazito, theluji imetanda barabarani, mlangoni kasimama mlinzi mwenye orodha ya majina. Picha hiyo ilitoka kwenye tamasha la Sundance la Park City, Utah, na imewakatisha tamaa wapenzi wengi wa filamu ambao wangepokewa vizuri tu. Milima ya Rocky, tangu Colorado nchini Marekani hadi Alberta nchini Kanada, ina matamasha ya kila aina, na kila moja lina utaratibu wake wa kuingia. Wanaorudi wamenuna mara nyingi ni wale waliochagua kwa kufuata jina.

Dhana: Sundance ni Park City

Ilikuwa hivyo kwa miaka zaidi ya 40. Tamasha lilianzia Salt Lake City mwaka 1978, likahamia Park City Januari 1981, likachukuliwa na taasisi ya mwigizaji Robert Redford mwaka 1985, na jina la Sundance likaja 1991. Machi 2025 waandaaji walitangaza kwamba kuanzia 2027 makao yake ni Boulder, Colorado. Ushauri wote uliozagaa mtandaoni kuhusu hoteli za Main Street na mabasi ya bure ya Park City umeshapitwa na wakati, kwa hiyo angalia tarehe ya unachosoma kabla hujalipa chochote.

Kwa msafiri uhamisho huu una nafuu. Boulder iko mita 1,655 juu ya usawa wa bahari, Park City ni kama 2,100, na kutoka uwanja wa ndege wa Denver lipo basi linalokwenda Boulder moja kwa moja. Kinachopotea, na kwangu mimi si kidogo, ni ule mtaa mmoja mwembamba wa Park City uliowalazimisha mwongozaji na mtazamaji kupishana bega kwa bega. Tamasha la Slamdance nalo, lililoanzishwa 1995 na waongozaji waliokataliwa na Sundance, limeshashuka mlimani: tangu 2025 liko Los Angeles.

Dhana: bila mwaliko huingii

Tuanze na Telluride, Colorado, maana ndiko kunakoogopwa zaidi. Tamasha hili lilianza 1974 na hufanyika wikendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, inayoishia Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Wengi huingia kwa pasi, yaani kibali cha tamasha zima, na pasi si rahisi kwa bei. Lakini pasi haikuwekei kiti. Inakupa haki ya kupanga foleni, basi. Mstari ukianza kukua, mhudumu anapita akigawa vikaratasi vya namba. Ukishashika chako unaweza kwenda kutafuta chai na kurudi kabla mlango haujafunguliwa. Ukiacha wenye pasi ghali za wafadhili, ambao huingizwa kwanza, mwenye namba ndogo ndiye anayetangulia, awe mwanafunzi au mtayarishaji mwenye filamu kumi.

Asiye na pasi naye hajafungiwa. Wenye pasi wakishaketi, viti vinavyobaki huuzwa pale pale mlangoni. Isitoshe, usiku kuna sinema ya wazi katika bustani ya Elks Park, bure kwa yeyote atakayekuja na blanketi lake. Mahali hapo pamepewa jina la Abel Gance, mwongozaji wa Ufaransa aliyekuja Telluride mwaka 1979 akiwa na miaka 89. Filamu yake bubu kuhusu Napoléon ilionyeshwa nje usiku wa baridi, naye akaitazama kutoka dirisha la chumba chake hotelini.

Sundance huuza tiketi moja moja, na asiyebahatika ana orodha ya kusubiri. Kwa hiyo hapo napo dhana inaanguka. Inaposimama ni Banff, Alberta, katika Banff World Media Festival ya kila Juni. Hilo ni soko la televisheni lililoanza 1979: watayarishaji wanauza mawazo, vituo vinanunua, mikataba inazungumzwa hotelini. Pasi yake imepangwa kwa mtu anayelipiwa na kampuni. Kama hufanyi kazi ya televisheni, utazunguka kwenye varanda ukisoma majina kwenye beji za watu.

Dhana: Banff ni tamasha moja

Ni mawili, na wanaoyachanganya si wachache. Lile la Juni nimeshalisema. La pili ni Banff Centre Mountain Film and Book Festival, lililoanza 1976 na kufanyika mwishoni mwa Oktoba hadi Novemba. Hilo ni la watazamaji, na tiketi hununuliwa na mtu yeyote. Baadaye filamu zake hufungwa virago na kuzunguka duniani katika ziara ya majira ya baridi, kiasi kwamba mtu anaweza kuziona bila kukanyaga Kanada. Ukiamua kwenda, kumbuka mji wa Banff umo ndani ya hifadhi ya taifa na kuna ada ya kuingia. Kumbuka pia kwamba Kanada na Marekani ni nchi mbili zenye taratibu mbili za viza. Ratiba inayounganisha Banff na Colorado hupendeza kwenye ramani kuliko ubalozini.

Dhana: tamasha la milimani huonyesha watu wanaopanda miamba

Banff ya Novemba, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Mountainfilm ya Telluride, iliyoanza 1979 na kufanyika mwishoni mwa Mei, ilianza na upandaji milima lakini siku hizi mazingira na haki za watu vina nafasi kubwa. Kwingineko mlima ni mwenyeji tu. Aspen kuna Shortsfest, tamasha la filamu fupi la mwezi Aprili, katika jumba la Wheeler Opera House la mwaka 1889. Missoula, Montana, kila Februari huwa na tamasha kubwa la filamu za hali halisi, Big Sky. Mji huohuo una tamasha la filamu za wanyamapori lililoanzishwa 1977 na Charles Jonkel, mtafiti wa dubu wa Chuo Kikuu cha Montana, aliyetaka filamu hizo ziheshimu ukweli wa sayansi. Ningeulizwa ni wapi pa kumpeleka mtu asiyependa misongamano, ningesema Missoula bila kusita.

Na mpenzi wa tamthilia za televisheni aende Denver, kwenye SeriesFest, iliyoanza 2015. Huko huonyeshwa vipindi vya kwanza vya tamthilia ambazo bado hazina kituo, pamoja na maonyesho ya kwanza ya zile zenye majina makubwa.

Dhana: kusiko na tuzo hakuna uzito

Telluride haina mashindano wala jopo la majaji. Hata orodha ya filamu hufichwa hadi siku moja kabla ya ufunguzi, kwa hiyo watu hulipa pasi na nauli bila kujua watatazama nini. Hata hivyo, filamu iitwayo Moonlight ilionyeshwa huko kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na baadaye ikatwaa Oscar ya filamu bora. Ratiba huachiwa nafasi tupu kwa makusudi. Filamu iliyojaza watu hurudiwa humo. Aliyekosa Jumamosi asilie mapema.

Dhana: kumbi ni za kifahari

Ukumbi mkubwa wa Sundance enzi za Park City, Eccles, wenye viti zaidi ya 1,200, ni wa shule ya sekondari. Telluride hugeuza ukumbi wa michezo wa shule kuwa sinema iitwayo Galaxy, na sinema yenye viti 650 iliyopewa jina la mwongozaji Werner Herzog hujengwa upya kila mwaka katika banda la kuteleza kwenye barafu. Vaa nguo za kukaa chini.

Dhana: juu kule oksijeni ni chache, kwa hiyo ni hatari

Hewa ya mlimani ina asilimia 21 ya oksijeni kama ya pwani. Kinachopungua ni shinikizo: Telluride, mita 2,667, kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo. Maradhi ya mwinuko huanza kuwapata watu kwenye mita 2,500 hivi, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi. Boulder na Banff ziko chini ya hapo. Kwa Telluride, lala Denver usiku mmoja au miwili kwanza, kunywa maji, pombe iache ingoje. Sinema iitwayo Chuck Jones iko juu zaidi, katika mji jirani wa Mountain Village, kwenye mita 2,900 hivi, na huendewa kwa gondola, kibanda kinachoning'inia kwenye waya, kisicho na nauli, safari ya dakika 13. Usiiweke kwenye ratiba ya siku ya kwanza.