Mbwa Anajikuna: Utitiri, Mzio wa Chakula na Yanayosemwa Kimakosa

"Mbwa akinyonyoka manyoya, nyumba nzima itapata upele."
Hapa huchanganywa aina mbili za utitiri, yaani vijidudu vidogo mno vya ngozi. Demodex huishi kwenye mashina ya manyoya ya karibu kila mbwa. Mtoto huupata kwa mama yake siku za mwanzo za kunyonya. Kinga ya mwili ikilegea huzaliana kupita kiasi, na mabaka matupu hutokea kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, mara nyingi bila kuwasha. Watu hauwapati.

Sarcoptes ndio upele wenyewe. Huchimba ndani ya ngozi, huwasha usiku na mchana, na huhamia kwa mbwa wengine. Anayembeba mbwa huyo anaweza kutoka vipele mikononi na tumboni, ambavyo kwa kawaida hupoa mbwa akishatibiwa. Kunja ncha ya sikio la mbwa, uisugue kwa sekunde chache: mwenye upele mara nyingi hurusha mguu wa nyuma kama anayejikuna.

"Ngozi ilikwanguliwa, hadubini haikuona kitu, basi hana upele."
Sarcoptes huwa wachache na hukoswa kirahisi. Ndiyo maana daktari wa mifugo anaweza kuanza tiba kwa kufuata dalili tu.

"Mpake oili chafu."
Tafadhali, usifanye hivyo. Oili huchoma ngozi, na mbwa hujilamba akaimeza sumu. Wala usimchome ivermektini, dawa ya kuua vimelea, ya ng'ombe kwa kukisia: mbwa wengi wa aina ya Collie wana hitilafu ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo. Hutetemeka, huacha kuona, na wengine hufa. Ikiwa ni upele, mbwa wote wa nyumbani watibiwe pamoja, na matandiko yafuliwe kwa maji moto.

"Ni mzio wa chakula, nunua chapa nyingine."
Chapa mbili tofauti zinaweza kuwa na kuku yuleyule. Vyakula vinavyolaumiwa zaidi ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano, na mbwa anaweza kuvila miaka mingi kabla mwili haujavikataa. Vipimo vya damu na mate havitoi jibu la kutegemewa. Njia ni hii: kwa wiki 8 ale nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, pamoja na wanga wa aina moja, au chakula maalumu chenye protini iliyovunjwavunjwa. Hakuna kingine, hata kipande cha mkate kinachodondoka mezani.

Akipoa, kazi haijaisha. Mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirejea ndani ya siku 14, hapo ndipo mzio umethibitika.

Majaribio mengi ya chakula huharibikia kwenye dawa. Vidonge vingi vya kutafuna vya kuua utitiri vimetiwa ladha ya nyama. Maliza utitiri kwanza, au umwombe daktari dawa ya kudondoshea mgongoni.

"Nyama tupu inamtosha."
Haina kalisi ya kutosha, na mtoto wa mbwa hupinda mifupa upesi. Mifupa iliyopikwa nayo huvunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Vitunguu, zabibu, chokoleti na vitu vyenye zailitoli (kitu cha kutia utamu badala ya sukari) visimfikie kabisa. Ukibadilisha chakula, tumia siku 7: anza na robo ya kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, la sivyo ataharisha, nawe utadhani ni mzio.