Becker sio Mjerumani wa kwanza kutwaa Wimbledon

Hii stori naisikia miaka nenda rudi, eti kabla ya Boris Becker Ujerumani haikuwa na staa wa tenisi. Jamani, hapana. Ni kweli dogo aliwasha moto Julai 1985, ana miaka 17 tu, hayumo hata kwenye orodha ya wanaopewa nafasi, akamfunga Kevin Curren seti 3-1 na akawa mwanaume wa kwanza wa Kijerumani kubeba singo (mchezaji mmoja kwa mmoja) za Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza.

Neno la kushika hapo ni mwanaume. Mwaka 1931 Cilly Aussem alishabeba, tena fainali alimpiga Mjerumani mwenzake, Hilde Krahwinkel, na mwaka huohuo akachukua na mashindano ya Ufaransa.

Halafu kuna Gottfried von Cramm, huyu ananiuma kweli. Alishinda mashindano ya Ufaransa 1934 na 1936, akapoteza fainali tatu za Wimbledon mfululizo, na kwenye Davis Cup (mashindano ya timu za mataifa) ya 1937 alikuwa anaongoza 4-1 seti ya tano dhidi ya Mmarekani Don Budge, akapoteza 8-6. Mwaka uliofuata utawala wa Hitler ukamfunga jela kwa kuwa na uhusiano na mwanaume mwenzake.