Kuchemsha tena hakuokoi kiporo

Nimesomea usalama wa chakula, na hapa Nairobi swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote linahusu sufuria ya githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja) au wali uliolala jikoni: "Si nitachemsha tu?" Naomba nilijibu kwa kirefu, kwa sababu nyumba nyingi hupika chakula cha siku mbili tatu kwa mpigo. Siwalaumu. Makaa ni ghali, gesi ni ghali, na maharagwe makavu hula moto.

Hatari huanza sufuria inapoteremshwa. Kuchemka huua bakteria walio hai, lakini wapo wanaojifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, wakangoja kama mbegu inavyongoja mvua. Clostridium perfringens hufanya hivyo kwenye nyama na maharagwe, Bacillus cereus kwenye wali. Spora haifi kwa maji yanayochemka, na kwa kuwa tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala hayafiki 100.

Joto likishuka chini ya nyuzi 60, spora huamka. Perfringens hustawi zaidi kwenye nyuzi 43 hadi 47, na hapo huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika kumi hivi. Sasa chukua sufuria ya lita kumi iliyofunikwa saa mbili usiku. Saa kumi na moja alfajiri ukizamisha mwiko hadi katikati, bado utakuta vuguvugu. Kwa juu githeri imepoa, ila ndani bakteria wamekesha. Hata baridi ya Julai haisaidii, maana jiko lenye nyuzi 12 si friji. Friji ni nyuzi 5 kushuka chini.

Perfringens walioamka, ukiwachemsha sawasawa, watakufa. Bacillus cereus ndiye anayetuvunja moyo: akishazaana kwenye wali huacha sumu inayostahimili nyuzi 121 kwa zaidi ya saa nzima. Moto wa jikoni hauigusi. Mtu hula wali wa moto, unaonukia vizuri, na kati ya nusu saa na saa sita baadaye anatapika. Kwa hiyo wali uliolala mezani, mwaga, hata kama roho inauma.

Dawa yake ni kupoza haraka. Gawa chakula kwenye vyombo vipana, kina kisizidi vidole vitatu. Au tia sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji yakipata joto. Ndani ya saa mbili kiwe kwenye friji. Kuna wanaosubiri kipoe kabisa ndipo wakiweke, na hapo ndipo usiku hupita. Mvuke ukishaisha, weka. Stima ikipotea, usifungue friji ovyo. Ikibaki imefungwa hutunza baridi kwa saa nne hivi.

Usipokuwa na friji, pika cha mlo mmoja. Loweka maharagwe tangu usiku, yataiva upesi zaidi, na hesabu ya makaa haitakuumiza sana.

Mahindi ya githeri yana sumu yao nyingine, ya ukungu. Mwaka 2004 watu 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Nayo haiondoki kwa kuchemsha. Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitoe, na usiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni chakula cha mtoto cha shuleni. Wali wa jana hupashwa juu juu alfajiri, ukatiwa kwenye hotpoti, ukaliwa saa saba mchana. Hotpoti haipashi chakula. Hushika tu joto inalolikuta. Ijaze maji yanayochemka, iache dakika kumi, mwaga, kisha tia chakula kilichopikwa asubuhi hiyo kikiwa bado kinatokota, na ufunge papo hapo. Asubuhi ikiwa fupi mno, mpe mkate na ndizi. Hivyo vitafika salama.