Kukunja karatasi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Karatasi haikunjiki zaidi ya mara saba." Kauli hii utaisikia karibu kila darasa, na ukijaribu na A4 utaiamini. Kumbe saba si mpaka, kinachozuia ni unene. A4 ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.1. Ikunje mara 7, ukipokezanisha upande mrefu na mfupi, upate tabaka 128: unene wa milimita 13 kwenye kipande cha milimita 19 kwa 26. Hakuna tena karatasi ya kuzunguka kona. Januari 2002 Britney Gallivan, mwanafunzi wa sekondari huko California, alikunja karatasi ya chooni yenye urefu wa mita 1,200 hivi mara 12.

Ya pili: ikipasuka kwenye mkunjo, basi karatasi ni mbovu. Dodoma kuanzia Julai hadi Oktoba lawama hiyo mara nyingi si ya karatasi. Hewa ikikauka, karatasi hupoteza unyevu na nyuzi zake hukatika upesi. Ihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Kisha chana kipande cha majaribio: upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndiko nyuzi zinakolala, na mikunjo mikuu ifuate huko huko. Manila ipitishie kwanza rula na kalamu iliyoisha wino, ndipo uikunje.

Dhana inayotuuma zaidi ni kwamba kukunja ni kazi ya chekechea, hisabati ni bikari na rula. Mwaka 1837 Pierre Wantzel alithibitisha kuwa bikari na rula isiyo na vipimo haziwezi kugawa pembe ya nyuzi 60 mara tatu sawasawa. Mkunjo unaweza, kwa njia ya Mjapani Hisashi Abe. Kutoka A4 kata mraba wa sentimita 21 (kitabaki kipande cha sentimita 8.7). Kona ya chini kushoto iite A, na kutoka hapo chora mstari M wa nyuzi 60 kutoka ukingo wa chini. Kunja mstari wa mlalo kwenye sentimita 8 kutoka chini. Unapokutana na ukingo wa kushoto pana nukta P. Leta ukingo wa chini hadi kwenye mstari wa sentimita 8, upate mkunjo mwingine kwenye sentimita 4. Sasa kunja ili A iangukie mkunjo wa sentimita 4 na, papo hapo, P iangukie M. Weka alama A ilipoangukia, kunjua, uiunganishe na A. Kipimapembe kitasoma 20.

Wengi hukwama wakijaribu nyuzi 30 kwa vipimo hivyo hivyo: A inatoka nje ya karatasi. Shusha mikunjo iwe sentimita 6 na 3. Ukishusha mno, kosa la nusu milimita linaharibu jibu. Zoezi hili lingefaa kabisa kidato cha kwanza, kwani halihitaji zaidi ya karatasi moja, penseli, rula na kipimapembe.

Kukunja hakuishii kwenye karatasi: hata DNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi, hukunjwa. Watu hudhani wanasayansi huikunja kwa koleo ndogo, au kwamba ni kuchezea jeni za mtu. Hapana. Mwaka 2006 Paul Rothemund wa Caltech, chuo kikuu cha Marekani, alichukua uzi wa DNA wa kirusi M13, kinachoshambulia bakteria, wenye herufi za kemikali (besi) zaidi ya 7,000. Aliuchanganya na vipande vifupi zaidi ya 200, kila kimoja kikishika sehemu mbili au zaidi za uzi kama pini za stepla, ndani ya maji yenye magnesiamu. Mchanganyiko ulipashwa hadi nyuzi joto 95, ukapozwa kwa muda usiozidi saa mbili, uzi ukajikunja wenyewe kuwa uso unaotabasamu wenye upana wa karibu nanomita 100. Magnesiamu ikipungua, nyuzi zenye chaji hasi husukumana na umbo huachia. Maumbo manene ya pande tatu yakipozwa haraka, hunasa yakiwa yamekunjika vibaya.

Ndiyo maana "roboti za DNA", yaani maumbo kama hayo yanayokusudiwa kufanya kazi mwilini, bado zinafanyiwa kazi zaidi maabara kuliko wodini: damu ina magnesiamu kidogo, na vimeng'enya vyake huikata DNA. Watafiti huyafunika maumbo hayo kwa polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ili yadumu.