Seva yako pepe iko kwenye VLAN mbili na haijibu kutoka nje? Angalia kwanza jibu linatokea wapi

Tiketi za "VLAN yenu imekufa" (VLAN ni mtandao mdogo uliotengwa kwa namba ndani ya mtandao mmoja) zimezidi siku hizi, na nyingi zinakuja na maelezo yaleyale: seva inapingika ukiwa ndani ya VLAN yake ila kutoka nje kimya. Presha ya huduma ikiwa chini tunaijua, ndo maana naandika hii. Lakini jamani, kama jirani wa VLAN ileile anaipata basi VLAN ni nzima, tagi (alama ya namba ya VLAN kwenye pakiti) inafika, swichi inapitisha na hosti (mashine inayobeba seva yako pepe) inapitisha. Sana sana kilichoharibika ni njia ya kurudi, na hiyo inapangwa ndani ya seva yako.

Chukua seva yenye intafesi (mlango wa mtandao) eth0 anwani 10.0.10.5, na eth0.20 ya VLAN 20 anwani 10.0.20.5, getiwei kuu (njia ya kutokea nje) ni 10.0.10.1. Mteja yuko 172.16.5.9 anaita 10.0.20.5. Pakiti inaingia vizuri kabisa kupitia eth0.20, seva inataka kujibu, sasa hapo ndo watu wanapotea: seva haikumbuki pakiti iliingilia wapi, inaangalia tu inakokwenda, kwa hiyo jibu linatoka eth0 likiwa limebeba anwani ya VLAN 20. Mgeni kapiga hodi mlango wa mbele we unamjibu kwa dirisha la uani. Fayawoli ya upande wa eth0 haikuona mwanzo wa mazungumzo, inalitupa. Na mara nyingine hata jibu halitoki, kwa sababu rp_filter (kichujio kinachokagua njia ya kurudi) ikiwa 1 keneli (kiini cha Linux) inaitupa pakiti ikiingia tu, kwenye tcpdump (chombo cha kunasa pakiti) utaiona imefika afu basi. Thibitisha kwa

nstat -az TcpExtIPReversePathFilter

namba ikipanda kila unapojaribu, umeshampata mchawi.

Kuongeza getiwei kuu ya pili sio dawa. Tumeshaeleza hili mara nyingi na bado tunalikuta kwenye seva. Ukiiweka kwa metriki (namba ya kipaumbele, ndogo ndo inatangulia) ileile amri inakataa, "File exists", ukiiweka kwa metriki kubwa inakaa tu haitumiki. Na wale wanaoweka rp_filter ya "all" kuwa 0 wakadhani wamezima kila kitu, keneli inachukua namba kubwa kati ya "all" na ile ya intafesi yenyewe, kwa hiyo kama eth0.20 bado ni 1 hujabadili chochote. Kinachotakiwa ni jedwali la pili la njia:

ip route add 10.0.20.0/24 dev eth0.20 table 20
ip route add default via 10.0.20.1 dev eth0.20 table 20
ip rule add from 10.0.20.5 table 20

Kisha uliza keneli yenyewe:

ip route get 172.16.5.9 from 10.0.20.5

Ikijibu dev eth0.20, njia imekaa. Hifadhi kwenye faili la mipangilio ya mtandao, maana ukiwasha upya seva hizo amri zote zinafutika na tiketi inarudi.

Kama hata jirani wa VLAN haipati, hapo ni tagi. Tagi inawekwa sehemu moja tu, ama hosti ikuwekee ama seva ijiwekee. Hosti ikishaipa poti yako VLAN 20 na we ndani umetengeneza eth0.20, haziwezi kuelewana. Na kama pingi ndogo inapita ila mafaili makubwa yanaganda, pima MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), ping -M do -s 1472, na tusibishane.

Ukifungua tiketi ambatanisha ip addr, ip rule, ip route show table all, na tcpdump -e ya intafesi zote mbili iliyochukuliwa wakati uleule, pamoja na namba ya VLAN na saa ya tukio. Tiketi isiyo na hivi inarudishwa kwako, na foleni inaanza kuhesabiwa upya siku utakayokamilisha, sio siku uliyoifungua.

Tafadhali usijaribu namba za VLAN usizopewa "kuona kama itakubali". Poti inafungwa papo hapo, taarifa inakwenda kwa mhusika aliyeandikishwa, yeye anajibu kwa maandishi, timu ya usalama inapitia, ndo inafunguliwa, na kipindi chote hicho huduma zako zote za poti ile ziko chini, hata zisizohusika. Kuazima anwani ya jirani utaratibu ni huohuo, ila mara ya pili unaondolewa trunki (poti inayobeba VLAN nyingi) na kubakishiwa VLAN moja. Ambaye hana uhakika wa namba yake atuulize kabla ya kuweka, swali kama hilo halifungi poti ya mtu na tunalijibu bila kudai viambatanisho.