Kicheko kisicho na furaha: tunayoyakosea kuhusu kifafa cha kucheka

"Anacheza na malaika." Ndivyo tunavyosema kichanga akitabasamu usingizini, na kwa kawaida hakuna cha kuhofia. Lakini kuna kicheko kingine. Mtoto amekaa mkekani anakunywa uji. Ghafla anatulia, macho yanakodoa, uso unamwiva, anacheka sekunde kumi au ishirini, kisha anarudia kikombe chake. Ukimwita haitiki, ukimkemea haachi. Kesho kinarudi kicheko kilekile, kwa sauti ileile. Huyo apelekwe hospitali, maana huenda ni kifafa.

"Kifafa ni kuanguka na kutoa povu." Hiyo ni sura moja tu. Umeme wa ubongo ukivurugika kwenye njia zinazoendesha kicheko, mtoto hucheka bila kufurahi, na wengine hulia. Aina hii ya kucheka ilipewa jina la kitabibu, "gelastic", mwaka 1957 na madaktari Daly na Mulder, kutokana na neno la Kigiriki la kicheko.

"Ana jini." Naelewa hofu ya mzazi, ila chanzo kinachojulikana zaidi ni kivimbe kiitwacho hamatoma, ambacho mtoto huzaliwa nacho kwenye hipothalamasi, ndani kabisa chini ya ubongo. Si saratani, wala hakisambai. Na kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayosimamia homoni, baadhi ya wasichana huota matiti kabla ya miaka 8, na watu husema amekua haraka tu. Kicheko hicho na kukua mapema vikikutana kwa mtoto mmoja, mweleze daktari yote mawili.

Vyanzo vingine ni adimu zaidi: kasoro ya seli kwenye ubongo wa mbele au wa pembeni, uvimbe wa aina nyingine, au ugonjwa wa kurithi wa tuberasi sklerosisi, ambao mara nyingi huacha mabaka meupe kwenye ngozi.

"EEG iko safi, basi hana kitu." EEG ni kipimo cha umeme wa ubongo; nyaya zake hubandikwa juu ya kichwa, na hamatoma iko mbali nazo, kwa hiyo kipimo kinaweza kutoka safi kabisa. MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ndiyo huionyesha. Dawa za kifafa nazo mara nyingi hazitoshi kwa hamatoma. Wapo wanaohitaji upasuaji au kuchomwa kivimbe kwa leza. Ukienda kliniki, beba video ya kicheko hicho kwenye simu, uso na mikono vikionekana vizuri.